Ulisema baadaye

Ndani ya Biblia yangu, kwenye Nehemia sura ya pili, kuna karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliiandika mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita, na mimi ndiye niliyemlazimisha kuiandika.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Njombe, kijijini kabisa, huku ambako mwezi wa sita na wa saba watoto wanakuja shule wamejitanda vitenge vya mama zao juu ya sweta, na ofisi ya walimu ina jiko la mkaa ambalo kila mtu anaapa leo si zamu yake kuliwasha. Walimu tuko 11. Jumapili mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Jumatatu hadi Ijumaa shule si ya kanisa: nina walimu Waislamu wawili, Wakatoliki kadhaa, na mmoja ambaye ukimuuliza dhehebu lake anakutajia kabila, "Mimi ni Mbena."

Juni ya mwaka juzi tukapata taarifa kwamba wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wanakuja wiki hiyohiyo. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, najua tumbo limekucheza. Maandalio ya masomo, maazimio ya kazi, mihtasari ya vikao vya kamati, hesabu za fedha za ruzuku, na mti uliopandwa mwaka 2019 ambao kwenye taarifa uko hai ilhali mbuzi walishaumaliza. Jumanne saa 1:30 asubuhi nilikuwa mezani nalinganisha stakabadhi, na usiku ule nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu.

Mwalimu wa Hisabati akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mkuu. Nina jambo kidogo."

"Marahaba. Baadaye, mwalimu. Baadaye."

Sikuinua kichwa. Nilichokiona ni viatu vyake tu, vina tope, na nakumbuka niliwaza kwamba wageni wasimkute na viatu vile. Vikasimama pale kidogo, kisha vikaondoka.

Jumatano hakuja kazini. Simu haipatikani. Alhamisi wageni wakafika, na darasa walilolichagua kwenda kulikagua, katika madarasa yote ya shule ile, likawa la sita, kipindi cha Hisabati, watoto wamekaa kimya wanaangalia ubao mtupu. Sitaeleza nilivyojisikia. Ijumaa nikakaa nikaandika barua yenye kumbukumbu namba na kila kitu. YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA KUHUSU UTORO KAZINI. Watumishi wenzangu mnaijua barua hiyo. Ina lugha yake, unaiandika kama vile mkono si wako.

Jumatatu alirudi. Nikamkabidhi. Akaisoma akiwa amesimama, akachana karatasi ya katikati ya daftari, akainama kwenye kona ya meza yangu na kuandika palepale:

"Nilikuja ofisini kwako Jumanne saa 1:30 asubuhi kuomba luhusa. Mtoto alikuwa amezidiwa, tulikuwa tunampeleka hospitali mjini. Ulisema baadaye."

Basi. Hakuna "nakutakia kazi njema" wala sahihi. Mtoto alipona, nalisema mapema ili usiendelee kusoma roho ikiwa juu. Ilikuwa nimonia, akalazwa siku nne, leo anakimbia. Lakini baba yake alilala sakafuni wodini akijua kwamba bosi wake hakuwa na dakika mbili.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nilikuwa nimelisoma, nikalifanyia mtihani, nikafaulu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma shahada ya elimu Chuo Kikuu Huria, ile ya kusoma usiku watoto wakishalala. Katika saikolojia tukakutana na utafiti wa John Darley na Daniel Batson, uliochapishwa mwaka 1973. Waliwachukua vijana 40 waliokuwa wanasomea uchungaji katika seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aandae hotuba fupi, kisha aende jengo la jirani kuitoa. Nusu yao walipewa somo la Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani, kwenye uchochoro, watafiti walikuwa wamemweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa, anagugumia. Hakuna njia ya kutomwona.

Baadhi ya vijana waliambiwa una muda wa kutosha, wengine wakaambiwa unasubiriwa sasa hivi, na wengine wakaambiwa umeshachelewa, kimbia. Wale wenye muda, asilimia 63 walisimama kusaidia. Wale waliochelewa, asilimia 10. Na hotuba aliyoibeba kijana kichwani haikuleta tofauti ya kueleweka. Wapo waliokuwa wanakwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema na wakamruka yule mtu ili wawahi.

Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka. Nilimsimulia mume wangu tukiwa tunakula, naye akacheka. Tuliwacheka wale vijana kama unavyomcheka mtu wa mbali aliyejikwaa.

Siku ile ya barua nilikaa ofisini peke yangu mpaka jioni, jiko likazima, na sikujiuliza kama nina upendo au sina. Wale vijana hawakuwa watu wabaya. Hakuna anayekwenda kusomea uchungaji kwa sababu anachukia watu. Nia walikuwa nayo, na mimi ninayo. Muulize yeyote pale kijijini atakwambia mama yule ana roho nzuri. Lakini roho yangu nzuri haikuwa mezani saa 1:30. Mezani palikuwa na stakabadhi.

Kwenye ukuta wa darasa la tatu tumeandika "Penye nia pana njia." Nimewafundisha watoto methali hiyo kwa miaka 20 na zaidi, na sasa kila nikipita pale naitazama kwa jicho la pembeni. Uzoefu wangu ni kwamba penye nia pana nia. Njia inabidi uifyeke kabla, jua likiwa bado halijawaka.

Na hapa saikolojia ilinisaidia mahali ambapo mahubiri yalikuwa yameniacha. Kuna Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer ambaye amefanyia kazi swali hilihili: kwa nini mtu anayetaka jambo kwa dhati halifanyi? Yeye na mwenzake Veronika Brandstätter waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike taarifa ya jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, ndani ya siku mbili baada ya mkesha wenyewe. Sikukuu hizo, nani ana hamu ya kuandika? Nusu ya wanafunzi waliambiwa waamue mapema wataandikia wapi na saa ngapi. Kati ya hao, karibu robo tatu waliandika. Kati ya wale walioachwa na nia yao peke yake, theluthi moja tu. Tofauti ilikuwa kuamua mapema kwamba jambo fulani likitokea, nitafanya hivi.

Nikachukua daftari nikaandika sentensi moja: "Mwalimu akisimama mlangoni, nitaweka kalamu chini."

Sikuandika "nitakuwa msikivu." Hiyo nilishaiandika kila Januari. Niliandika habari ya kalamu kwa sababu kalamu naiona, naishika, najua iko juu au iko chini. Wiki ya kwanza nilisahau mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nilikuwa nakumbuka mtu akishafika uwanjani, natoka kumkimbilia, nami si binti wa kukimbia tena. Wiki ya tatu mkono ukaanza kufanya wenyewe. Kalamu inashuka, kichwa kinainuka, na hapo ndipo naona uso. Kumbe kwa miaka minne nilikuwa naongoza viatu.

Niligundua mambo mawili ya ajabu. Kwanza, watu wengi wanataka dakika mbili, na wengine hawana hata jambo. Wanataka kujua tu kama mlango uko wazi. Pili, neno "baadaye" nililifuta kabisa, kwa sababu "baadaye" haina saa. Siku nikiwa nimebanwa kweli nasema, "Saa nne, mapumziko, nakuja mimi darasani kwako." Na ni lazima niende. Siku moja sikwenda, na yule mwalimu hakusema kitu, ila kesho yake alinisalimia akiwa anaangalia kalenda ukutani.

Sasa Nehemia, maana ndiko inakokaa ile karatasi. Tunapenda kumhubiri kama mtu wa sala ya haraka. Mfalme Artashasta wa Uajemi, ambaye yeye alikuwa mnyweshaji wake, anamuuliza, unataka nini? Naye, kati ya swali na jibu, anamwomba Mungu wa mbinguni kimoyomoyo, halafu anajibu. Nimeusikia mstari huo ukihubiriwa mara nyingi: omba popote, hata sekunde moja inatosha. Ni kweli. Lakini angalia miezi. Habari za kuta za Yerusalemu kubomolewa alizipata mwezi wa Kisleu. Mfalme anamuuliza mwezi wa Nisani. Hapo katikati kuna miezi minne hivi ya kulia, kufunga na kuomba, na naamini pia ya kupiga hesabu, kwa sababu mfalme alipofungua mdomo Nehemia alikuwa na muda wa safari tayari, barua alizozihitaji kwa maliwali anazijua, na hata jina la mtunza msitu, Asafu, atakayetoa miti ya malango analo. Mtu hakurupuki na jina la mtunza msitu. Ile sala ya sekunde moja ilikuwa na miezi minne nyuma yake.

Siku hizi naamka saa kumi na nusu. Naomba, na baada ya kuomba naipitia siku yote kichwani: nani nitakutana naye, wapi nitakasirika, nani atakuja na jambo saa mbaya. Naombea mlango. Mwanzoni niliona aibu kumwombea Mungu habari za kalamu.

Mzee mwenzangu mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole, "Mama, saikolojia ya nini tena, na Roho Mtakatifu yupo?" Nikamsimulia habari za wale vijana 40. Akanyamaza, akasema, "Walikuwa wanasomea uchungaji kabisa?" Kabisa, baba. Hatukuendelea, mvua ilikuwa inakuja.

Lakini kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu ni rahisi kuandika blogu ukajifanya mtu aliyekosea mara moja. Kwa muda mrefu nilikuwa naitumia sala vibaya. Kwenye vikao vya walimu, ubishi ukipamba moto, vipindi vya jioni, nani anabeba mzigo, nani anapendelewa, nilikuwa nasema, "Jamani, haya tumwachie Mungu. Tusimame tuombe, kila mtu kwa imani yake." Watu wanasimama, kikao kinaisha. Nilikuwa najisifu kwamba shule yangu haina majungu.

Tuna mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu. Mimi ni mkuu wake, lakini shikamoo namwamkia mimi, na tukiwa mbele ya wengine ananiita Mkuu, tukiwa wawili ananiita mwanangu. Baada ya mkasa wa barua alinifuata kwenye bustani ya mboga. "Mwanangu, kikao cha mwezi wa tatu, ulipotusimamisha tuombe. Siku ile hukuomba. Ulifunga mlango." Akainama akaendelea kung'oa majani kwenye tuta la kabichi.

Ilinikumbusha Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, ambaye miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Baada ya kuchimba akaona kwamba kule watu walikuwa wanasema walipokosea, na kwingine walikuwa wanaficha. Mwaka 1999 aliandika juu ya hali hiyo ya watu kuweza kusema bila hofu, akaiita usalama wa kisaikolojia. Ule utulivu wangu wa vikaoni niliokuwa nauita nidhamu, huenda ulikuwa wodi ya pili.

Sasa sala iko mwanzoni mwa kikao, na kwa kimya, kila mtu na Mola wake. Mwishoni nauliza, "Nini hatujakisema?" halafu nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mara ya kwanza nilihesabu moyoni hadi 40 ndipo mtu akakohoa, na aliyekohoa hakusema neno. Kikao cha tatu ndipo mwalimu wa darasa la kwanza, mdogo kuliko wote, alisema hana uwezo wa watoto 90 peke yake na anakwenda kulia chooni. Mwaka mzima. Choo hicho kiko hatua 30 kutoka kwenye meza yangu.

Habari za funguo nitazisema kwa kifupi, ingawa mume wangu anasema ndizo zinazochekesha. Nilikuwa natembea na funguo 14 kiunoni. Stoo ya chakula, stoo ya vitabu, kabati la chaki, geti, hadi kisanduku cha dawa. Nikikohoa watoto wanajua niko wapi. Kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa amekaa kuamua kesi tangu asubuhi hata jioni, watu wamepanga foleni, anamwambia waziwazi kwamba analolifanya si jema, atajichosha yeye na watu wenyewe. Nilikuwa nalisoma andiko hilo kama la Musa kuchoka. Nikaja kuona na wale waliosimama foleni.

Nikagawa funguo. Ya stoo ya chakula nikampa mwalimu wa afya. Baada ya miezi miwili mahindi ya uji yakapungua madebe mawili kwenye daftari. Mimi wa zamani ningekuwa nimeshachukua ufunguo na kuandika kumbukumbu namba. Lakini nilikuwa na sentensi ya pili kwenye daftari langu, niliyoiazima kwa Yakobo anaposema tuwe wepesi wa kusikia: "Kifua kikipata moto, nitauliza swali moja kabla ya kusema lolote." Kifua kilipata moto, tena sana. Nikamwambia, "Mwalimu, nioneshe mnavyopima."

Akanionesha. Mahindi yakiletwa na wazazi, mlinzi anapima debe na kulifuta juu kwa kijiti, sawasawa na mdomo. Yakitoka kwenda jikoni, mpishi anajaza debe hadi linatengeneza kichuguu, kwa sababu yeye anatokea kwenye biashara ya viazi na mkono wake umezoea lumbesa. Tukapiga hesabu na mwalimu wa Hisabati, yuleyule, kwenye ubao wa darasa la sita. Karibu debe moja na nusu ikaelezeka kwa vichuguu.

Nusu debe mpaka leo sijui iliko. Ufunguo bado anao mwalimu wa afya.

Mwezi uliopita tulikuwa msibani kijiji cha jirani. Walinipa nisome somo, nikafungua Biblia, karatasi ikadondoka, na aliyeiokota alikuwa mwalimu wa Hisabati mwenyewe. Aliutambua mwandiko wake. Hakusema kitu mpaka tulipokaa na wengine kula, akanisogelea.

"Mkuu, hii si uitupe tu?"

"Siitupi, mwalimu."

Akaikunjua, akaisoma tena, taratibu. Kisha akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, ile ya kusahihishia.

"Basi niruhusu kitu kimoja." Akakata herufi ya kwanza ya "luhusa", akaandika R juu yake, akanirudishia.